Taifodi na Dawa Zake Eastlands

Taifodi, au homa ya matumbo, huletwa na bakteria wanaoitwa Salmonella Typhi. Humwingia mtu kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kama Kayole, Dandora na Huruma, maji ya mfereji hukatika mara kwa mara na watu wakanunua ya mitungi, kwa hiyo hatari hiyo haina msimu. Bakteria hao hupenya ukuta wa utumbo wakaingia kwenye damu, ini na wengu. Mgonjwa asipotibiwa, utumbo unaweza kutoboka, mara nyingi katika wiki ya tatu.

Tiba ni viuavijasumu. Zamani kloramfenikoli, ampisilini na septrini zilitosha. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamekuwa wakikuta Nairobi taifodi isiyosikia hata moja kati ya hizo tatu. Siprofloksasini ilichukua nafasi ya dawa hizo, nayo sasa imepungua makali. Ndiyo maana daktari huweza kuchagua azithromisini ya kumeza au sindano za seftriaksoni. Hata dawa ikiwa sahihi, homa huchukua siku kadhaa kushuka. Hapo ndipo wengi huiacha na kurudi kemisti kutafuta nyingine, na bakteria waliobaki hupata nafasi ya kuizoea.

Lakini kosa kubwa hutangulia dawa. Kipimo cha Widal, cha tangu 1896, bado kinatumika sana kwa kuwa ni rahisi na bei yake ni nafuu. Hutafuta kingamwili, si bakteria wenyewe. Aliyeugua zamani, hata mwenye malaria, anaweza kuambiwa ana taifodi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabarani, ambako pia huonyesha dawa ipi itafaa. Damu itolewe kabla ya kumeza kiuavijasumu chochote.

Kuharisha kwa kawaida ni jambo jingine. Mara nyingi hakuhitaji viuavijasumu: mgonjwa apewe maji ya ORS, na mtoto aongezewe zinki. Hata kipindupindu hutibiwa kwanza kwa maji. Kuharisha damu ndiko kusikokawizwa. Mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo.

Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya taifodi. Mzazi ambaye mtoto wake hakuchanjwa aulize kituo cha afya kilicho karibu.