Mama mwenye mimba na kolera: programu ya ordinatere imwandike wapi?

UVIRA – Mama mwenye mimba ya miezi saba analetwa kwa pikipiki kutoka Kimanga mpaka kwenye kituo cha kutunzia wagonjwa wa kolera. Anatapika, anahara, mwili umekauka maji. Muuguzi mwenye rejista ya karatasi hasumbuki: anaandika jina, miaka, kartiye, halafu pembeni anaongeza kwa biki neno moja, «mimba». Kazi inaendelea. Lakini kama kituo kimeachana na karatasi na kinatumia ordinatere, mama huyo huyo anaweza kuwa kitendawili, na chanzo chake si ugonjwa. Ni namna vijana walioandika programu walivyopanga kazi yao.

Uvira ni mji unaoijua kolera vizuri. Maji ya Regideso yakikatika, wakaaji wanarudi ziwani na mitoni na madumu yao, na ugonjwa unapata njia. Kwa hiyo swali la jinsi ya kupanga programu ya wagonjwa, ambalo katika auditoire za vyuo linaonekana kama mchezo wa walimu, hapa lina uzito wake.

Wanafunzi wa informatike wanalisoma kwa Kifaransa chini ya jina la programmation orientée objet. Kwa Kiswahili ni kupanga programu kwa vitu. Badala ya kuandika mfululizo mrefu wa maagizo, mwandikaji anatengeneza «vitu» ndani ya ordinatere, na kila kitu kinabeba habari zake na kinajua kazi zake. Kitu «mgonjwa» kina jina na tarehe ya kuzaliwa, na ukikiuliza umri kinahesabu chenyewe. Kitufe kwenye kioo kinajua rangi yake, na kinajua la kufanya kikibonyezwa. Vitu vinavyofanana vinawekwa katika aina moja, na aina inaweza kuzaa aina nyingine inayorithi yote ya mzazi wake.

Mtego uko hapo kwenye kurithi. Kijana aliyetoka darasani juzi anapewa kazi na kituo cha afya. Anaunda aina «mgonjwa», halafu watoto wake: «mgonjwa wa kolera», «mama mwenye mimba», «mtoto wa chanjo». Kwenye ubao mchoro unapendeza, mpaka siku mama wa Kimanga anapofika. Yeye ni wa aina gani? Lugha ya Java haikubali aina moja irithi kutoka kwa wazazi wawili. Python na C++ zinakubali, lakini basi itabidi kuunda aina ya «mama mwenye mimba na kolera», kesho «mama mwenye mimba, kolera na malaria», na orodha haina mwisho. Tena kuna baya kuliko hilo: baada ya siku chache mama anapona. Katika Java, kitu kilichozaliwa kikiwa «mgonjwa wa kolera» hakibadilishi aina yake. Itabidi aandikwe upya kama mtu mwingine, na mtu mmoja anabaki na faili mbili.

Kutumia vitu si kosa. Kosa ni kudhani kwamba kolera ni aina ya mtu, wakati ni jambo linalompata mtu kwa siku kadhaa kisha linaisha.

Walioshughulika na tatizo hili kwa ukubwa wake ni waandikaji wa OpenMRS, programu ya faili za wagonjwa ambayo mizizi yake iko Eldoret, magharibi ya Kenya. Mwaka 2004, waganga wawili wa Regenstrief Institute ya Marekani, Burke Mamlin na Paul Biondich, walikwenda huko kuangalia namna ya kusaidia AMPATH, mpango wa kutunza wagonjwa wa Sida, ambao wagonjwa wake walikuwa wanaongezeka haraka. Kabla ya hapo, kituo cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilikuwa na mfumo mdogo uliotengenezwa kwa Microsoft Access. OpenMRS ilianza kazi Eldoret mwaka 2006, na mwaka huo huo ikaingia kwa majirani zetu wa Rwanda, kwenye hospitali ya Rwinkwavu, kupitia shirika la Partners In Health.

Imeandikwa kwa Java, lugha ya vitu toka kichwani mpaka miguuni. Mtu angetarajia kukuta ndani yake aina za vitu kwa kila ugonjwa, lakini hazimo. Kiini chake kina vitu vichache: mgonjwa, onano kati ya mgonjwa na mhudumu, jambo lililoonekana kwenye onano hilo, na kamusi. Uzito, joto la mwili, jibu la kipimo, mimba, kolera, vyote ni maneno ndani ya kamusi. Mama wa Kimanga angekuwa mgonjwa mmoja, onano moja, mambo mawili yaliyoonekana. Amepona? Linaandikwa onano jingine. Waganga wakitaka kuuliza swali jipya, anayeshughulika ni msimamizi wa kamusi. Mwandikaji wa Java anaweza kubaki amelala.

Hata hao mabingwa waliteleza kidogo kwenye kurithi. Katika matoleo ya mwanzo, aina mbili zilimrithi «mtu»: mgonjwa, na yule anayeingia kwenye programu kufanya kazi. Sasa muuguzi akiugua na kuhitaji kutunzwa kwenye kituo chake mwenyewe? Ni mtu yuleyule, lakini programu ilimtaka awe upande mmoja. Baadaye waliibadilisha: anayefanya kazi hamrithi tena mtu, bali ana mtu, kama vile fundi alivyo na kitambulisho bila kuwa kitambulisho. Ushauri wa namna hiyo, wa kuunganisha vitu kuliko kurithisha, ulikwisha kuandikwa mwaka 1994 katika kitabu Design Patterns cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides, ambacho walimu wengi wanakitaja darasani.

Mpango wa kamusi una bei yake, na bei hiyo haisemwi vya kutosha. Daktari akiomba idadi ya wanawake wenye mimba, chini ya miaka 20, waliougua kolera mwezi huu, jibu haliko kwenye safu moja ya jedwali. Inabidi kulishona jedwali lilelile la mambo yaliyoonekana mara mbili, mara tatu, na kwenye ordinatere dhaifu kazi hiyo inachukua muda. Ndiyo sababu hospitali nyingi zinazotumia OpenMRS zinatengeneza pembeni majedwali bapa kwa ajili ya ripoti tu. Kituo chenye ugonjwa mmoja, fomu moja na maswali yasiyobadilika hakina haja ya kubeba mzigo huo. Jedwali moja lenye safu zilizo wazi litakifaa zaidi.

Congo ina mfano wake pia. Takwimu za afya za nchi, zinazotoka kwenye zone za afya mpaka Kinshasa, zinapita kwenye DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norvège. Hao warithi wanajua wanachorithi: vitu vyenyewe vilizaliwa Oslo katika miaka ya 1960, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipotengeneza lugha ya Simula ili kuigiza foleni na mizunguko ya kazi ndani ya ordinatere. Walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001.

Ndani ya DHIS2 kila nambari inajibu maswali matatu: nini, wapi, lini. «Wapi» ni kitu kimoja tu, mahali penye mzazi wake: kituo cha afya kiko chini ya aire, aire chini ya zone, zone chini ya jimbo. Mtu aulize faida yake akumbuke mwaka 2015, Congo ilipotoka kwenye majimbo 11 kwenda 26. Katanga ikagawanyika mara nne, na Kalemie, kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa letu, ikawa makao makuu ya jimbo la Tanganyika. Programu ambayo mwandikaji wake alipigilia majina ya majimbo 11 ndani ya maagizo inahitaji kufunguliwa na kuandikwa upya. Ile yenye mahali penye mzazi inahitaji mtu wa kuhamisha matawi ya mti.

Mpox nayo imeonyesha jambo hilohilo. Aina mpya ya virusi ilijitokeza Kamituga, teritoire ya Mwenga, mwaka 2023, ikaenea Kivu ya Kusini na kuvuka mipaka, mpaka Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024. Ugonjwa kama huo haumngojei mwandikaji wa programu amalize kuunda aina mpya ya kitu.

Basi vitu vitumike wapi? Mahali pa kwanza ni kwenye kioo, pale mtu na programu wanapojibizana. Si bahati kwamba madirisha na vitufe vilikomaa pamoja na lugha ya Smalltalk, kwenye maabara ya Xerox huko California, miaka ya 1970. Fomu ya mgonjwa kwenye telefone ina maisha yake: ni rasimu, imehifadhiwa bila intaneti, imetumwa, imekataliwa kwa sababu tarehe si sahihi. Kila hali inaruhusu jambo fulani na kukataza jingine. Rezo ikikatika katikati ya kutuma, lazima kuwe na mahali pamoja panapojua fomu hiyo imefika wapi. Hapo kitu kinastahili kabisa. Bila hicho, alama za «imetumwa» zinatawanyika kwenye programu nzima, na mgonjwa mmoja anahesabiwa mara mbili.

Hesabu ni jambo jingine. Mgonjwa wa kolera aliyekaukiwa sana, mwenye zaidi ya mwaka mmoja, anapewa kwenye mshipa mililita 100 za Ringer kwa kila kilo: 30 katika nusu saa ya kwanza, 70 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Kwa mtu wa kilo 50 ni lita tano, lita moja na nusu kati ya hizo ikiingia haraka. Hesabu hiyo haina hali ya kukumbuka. Unaingiza uzito na umri, zinatoka mililita. Kuizungushia aina tano za vitu zinazorithishana ni kumficha muuguzi mkuu kitu ambacho angeweza kukisoma na kukisahihisha mwenyewe, maana mistari kumi ya kawaida inatosha.

Kuna pia swali la nani atabaki na programu. Aliyeiandika anapata kazi Bujumbura au Kampala, anaondoka, na mrithi wake anafungua faili 80 zenye aina zilizopangwa ghorofa juu ya ghorofa. Asipoelewa, ataanza upya. Mradi wa watu wengi, kama ule wa Eldoret, unaweza kulipia ghorofa hizo kwa sababu daima kuna anayezijua. Mradi wa mtu mmoja hauna bima hiyo.

Famasi ndogo ya Kimanga inayotaka kujua dawa zilizobaki itatosheka na jedwali moja la dawa, jingine la mauzo, na hesabu chache zilizoandikwa waziwazi. Kitu kimoja tu kitahitajika: mauzo ambayo hayajakamilika, yanayokumbuka vidonge vilivyokwisha kuchaguliwa na pesa iliyokwisha kupokelewa, ili umeme ukikatika na kurudi, muuzaji aendelee pale alipoachia.