Kidonge Kilichoanzia Funyula

Haya, sogeeni. Nyinyi wa Malaba mnaokulia kando ya foleni ya malori, na nyinyi wa Busia mjini, nyote mnakijua kidonge cha minyoo. Mwalimu anakuita jina, unakitafuna mbele yake, anatia alama kwenye fomu. Lakini nani alimruhusu akupe dawa bila daktari kukupima?

Tuanzie kusini mwa Kaunti ya Busia, Budalang'i na Funyula, karibu na Ziwa Victoria. Januari 1998 wataalamu wa Wizara ya Afya walipima choo cha wanafunzi. Msicheke! Choo kidogo huchujwa, kikapakwa kwenye kipande cha kioo, kisha mtu huinamia hadubini na kuhesabu mayai ya minyoo, moja moja. Jumla huzidishwa kwa 24 ili kujua gramu moja ina mayai mangapi. Katika kila watoto 100 waliopimwa, 92 walikuwa na minyoo: mchango, safura, mjeledi au kichocho.

Wachumi wawili Wamarekani, Michael Kremer na Edward Miguel, walitaka kujua kama dawa ingewapunguzia watoto utoro. Shule zilikuwa 75, wanafunzi zaidi ya 30,000, na fedha hazikutosha kuwatibu wote kwa mpigo. Basi shule zikapangwa kwa alfabeti na kuhesabiwa: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Kundi la kwanza lilianza dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Hakuna mkubwa aliyepata nafasi ya kutanguliza shule ya mpwa wake, na shule zilizosubiri ndizo zilizotumika kulinganishia.

Rejista za darasani hazikuaminiwa sana (mnajua wenyewe kwa nini). Wahesabuji walifika shuleni bila kutaja siku, wakahesabu waliopo. Utoro ulipungua kwa karibu robo. Tena, hata watoto wasiomeza dawa katika shule hizo walipungukiwa na minyoo, kwa kuwa wenzao waliotibiwa waliacha kumwaga mayai mengi vichakani.

Matokeo yalichapishwa 2004. Kutoka karatasini hadi mdomoni mwako ilichukua miaka: serikali ya Kenya ilianza kugawa dawa kwa mamilioni ya watoto 2009, na tangu 2012 ukawa mpango wa taifa. Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Dawa hii ni salama na bei yake ni ndogo. Kumpima kila mtoto kungegharimu zaidi ya kumtibu. Kwa hiyo hupimwa shule chache, na eneo lenye minyoo wengi hutibiwa lote, mwalimu akiwa mgawaji.

Mwaka 2015 watafiti wa London waliirudia hesabu ile ya Busia kwa kutumia data zilezile, walizopewa na Kremer na Miguel wenyewe. Wakakuta makosa. Moja lilikuwa kwenye maagizo ya kompyuta: faida iliyodaiwa kufikia shule zilizo umbali wa zaidi ya kilomita 3 haikuwa imehesabiwa sawasawa. Ubishi ukawa mkali, na kuhusu utoro wataalamu hawajakubaliana hadi leo. Kwamba dawa inaua minyoo, hilo halibishaniwi. Mimi sehemu hii ndiyo inayonipendeza kuliko hata Tuzo ya Nobel aliyopata Kremer 2019: watu walifungua daftari lao, wakakubali kusahihishwa.

Na kuhesabu hakujaisha. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ilichagua shule 200 za kurudia kupima. Mwanzoni, 2012, karibu theluthi moja ya watoto walikuwa na minyoo wa udongoni (mchango, safura au mjeledi). Miaka sita baadaye walikuwa chini ya nusu ya hao.

Dawa ya minyoo ni bure kwa watoto wa miaka 2 hadi 14, hata wasioandikishwa shule. Ukiwa na mdogo wako nyumbani, mpeleke siku ya kugawa. Na mvalishe viatu, maana minyoo wa safura huingilia nyayoni.