Mwana akipata nafasi ya kusomea takwimu ng'ambo, uliza haya mapema

KIJANA anapomwambia mzazi kwamba anataka kusomea takwimu, swali huwa ni lile lile: "Halafu utaajiriwa wapi?" Udaktari unaeleweka. Ualimu unaeleweka. Takwimu huonekana kama somo la Hisabati lililokataa kuisha baada ya KCSE.

Lakini siku kijana huyo akileta barua inayosema amepata nafasi ya kwenda kusoma kwa muda katika chuo kikuu cha Ulaya au Marekani, shaka huyeyuka. Kundi la WhatsApp la familia hufunguliwa, mwekahazina huteuliwa, na harambee hupangwa kabla barua yenyewe haijasomwa hadi mwisho.

Barua hiyo inafaa isomwe polepole. Nafasi za aina hii ni za kweli na zimewafaa wengi, lakini si zote zinazofanana. Njia nzuri ya kuzielewa ni kutazama ushirikiano ambao umedumu, na mmoja wao uko hapa nyumbani, mjini Eldoret.

Ushirikiano ulioanzia wodini

Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka wa 1984, na wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari waliingia darasani mwaka wa 1990. Tangu mwanzo, kitivo hicho kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Madaktari na wanafunzi wa Indiana walikuja Eldoret, nao wanafunzi wa Moi wakapata nafasi ya kwenda Indianapolis. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Brown, kilicho mjini Providence katika jimbo dogo la Rhode Island, nacho kilianza kuwatuma madaktari na wanafunzi wake Eldoret.

Kisha Ukimwi ukajaza wodi. Mwaka wa 2001 Moi na washirika wake walianzisha mpango wa AMPATH ili kuwatibu watu wenye virusi vya HIV magharibi mwa Kenya. Mwaka huo huo, kituo cha afya cha Mosoriot, Kaunti ya Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa wa nje kwenye kompyuta, jambo lililokuwa geni kabisa katika vituo vya mashambani wakati huo. Mwaka wa 2006 mpango huo ulianza kutumia OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa ambayo leo inatumika katika nchi nyingi duniani.

Rekodi zikarundikana. Kila mgonjwa aliacha nyuma tarehe za kliniki, uzito, vipimo vya damu na majina ya dawa. Swali likawa: ni nani atakayezisoma rekodi hizi na kuwaambia madaktari zinasema nini? Madaktari walikuwa na wagonjwa wa kutibu. Wataalamu wa takwimu za afya walikuwa wachache.

Hapo ndipo wanatakwimu wa pande zote mbili walipoingia. Idara ya takwimu za afya ya Brown na wahadhiri wa takwimu wa Moi walianzisha mpango wa mafunzo unaoitwa NAMBARI, kwa ufadhili wa Kituo cha Fogarty kilicho chini ya taasisi za afya za serikali ya Marekani. Miongoni mwa waliouongoza ni Joseph Hogan wa Brown na Ann Mwangi wa Moi. Wanafunzi wa uzamili na uzamifu wa Moi husimamiwa na wahadhiri wa vyuo vyote viwili, na kazi yao hutokana na rekodi za wagonjwa wa Kenya.

Wagonjwa waliopotea

Ili kuelewa kwa nini kazi hiyo ina uzito, chukua tatizo moja linalosumbua kila kliniki ya HIV: wagonjwa wanaoacha kuja.

Tuseme, kwa mfano tu, kliniki imesajili wagonjwa 1,000. Baada ya mwaka mmoja, 800 bado wanakuja kuchukua dawa. Wengine 20 wanajulikana wamefariki, kwa kuwa jamaa zao walileta habari. Waliobaki 180 hawajulikani waliko.

Anayehesabu haraka atawaacha hao 180 kando, kisha agawanye 20 kwa 820. Atapata vifo kama 24 kwa kila wagonjwa 1,000, na ripoti itapendeza.

Mwanatakwimu atauliza: je, hao 180 ni watu wa namna gani? Huenda baadhi walihamia kliniki nyingine. Wengine walikwenda kutafuta vibarua mbali, au waliogopa kuonekana na jirani kwenye foleni. Na wengine walifariki nyumbani, wakazikwa, na hakuna aliyekumbuka kuijulisha kliniki.

Haiwezekani kuwafuata wote. Lakini ukichagua 60 kati yao kwa bahati nasibu, ukawatuma wahudumu wa jamii hadi nyumbani kwao, unaweza kujua ukweli wa kundi zima. Ikiwa katika hao 60 kumi na watano wamefariki, hiyo ni robo. Robo ya 180 ni 45. Ongeza wale 20 wa mwanzo, unapata vifo 65 kwa wagonjwa 1,000, karibu mara tatu ya ile hesabu ya haraka.

Nambari za mfano huu ni za kufundishia, lakini njia yenyewe ni ya kweli. Watafiti wa AMPATH waliitumia magharibi mwa Kenya, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2008 yalionyesha kwamba vifo vilikuwa vingi sana kuliko rekodi za kliniki zilivyodokeza. Habari ya namna hiyo hubadilisha mambo. Kliniki inayojua kwamba wanaopotea wanakufa itaweka pesa kwenye kuwatafuta mapema, si kwenye kuongeza viti vya kusubiria.

Kwa kazi kama hii chuo kimoja hakitoshi. Hesabu ya kurekebisha data yenye mapengo ni ngumu, na idara kubwa ya ng'ambo ina walimu wa kuifundisha. Lakini kujua kwa nini mama wa Mosoriot alitoa jina la pili kliniki, au kwa nini wanaume hutoweka msimu wa mavuno, ni ujuzi wa huku. Mwanafunzi anayesoma pande zote mbili huchukua vyote viwili.

Mzazi aulize nini?

Sasa turudi kwenye ile barua. Iwe ni ya Brown au ya chuo kingine, maswali yafuatayo yatasaidia familia.

Cheti kitatoka wapi? Katika mipango mingi ya kubadilishana, kijana hubaki kuwa mwanafunzi wa chuo chake cha nyumbani. Anakwenda kwa muhula mmoja au mwaka, kisha anarudi kumaliza. Hakikisha kuna maandishi, yaliyotiwa saini na idara zote mbili kabla ya safari, yanayoonyesha ni masomo gani ya huko yatakayohesabiwa huku. Bila hayo, kijana anaweza kurudi na alama nzuri na bado aambiwe arudie muhula.

Nani analipa nini, na lini? Kusamehewa karo si sawa na kulipiwa kila kitu. Orodhesheni nauli, viza, kodi ya nyumba, chakula, bima na nguo za baridi. Kisha muulize kama pesa zitatolewa kabla ya safari au zitarudishwa baada ya kuleta risiti. Familia nyingi hukwama kwenye gharama za mwanzo, ilhali ufadhili wenyewe upo.

Mfadhili ni nani, na akijiondoa? Mwaka wa 2025 serikali ya Marekani ilipokata misaada mingi ya kigeni, miradi ya afya na utafiti barani Afrika iliyumba, AMPATH ikiwemo. Si vibaya kuuliza: pesa zikikauka katikati ya mwaka, ni nani atakayemrudisha mtoto nyumbani?

Bima inalipia nini? Wanaokwenda Marekani kwa viza ya J-1, ambayo ni ya programu za kubadilishana, wanatakiwa kisheria kuwa na bima ya afya isiyopungua dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa. Hata hivyo bima nyingi za wanafunzi haziguzi meno wala miwani, na baadhi huweka masharti kwa ugonjwa ambao mtu alikuwa nao tangu awali. Ziba jino linalouma ukiwa bado Eldoret. Mwenye pumu, kisukari au selimundu abebe barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa, si majina ya kibiashara pekee.

Kile kijitabu cha kliniki kiko wapi? Vyuo vingi vya Marekani hudai ushahidi wa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Kenya ilianza kutoa chanjo ya rubela pamoja na ya surua mwaka wa 2016, na matumbwitumbwi haimo kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo za serikali. Kwa hiyo hata kijana ambaye mama yake hakukosa kliniki hata siku moja anaweza kupungukiwa. Tafuta kijitabu mapema. Kisipopatikana, daktari anaweza kupima damu kuona kinga iliyopo au kutoa chanjo upya, na dozi huhitaji wiki kadhaa kati yake.

Kipimo cha kifua kikuu ni kipi? Wanafunzi kutoka Kenya aghalabu huombwa kupimwa TB wanapofika. Kwa sababu watoto wa Kenya hudungwa BCG wanapozaliwa, kipimo cha ngozi kinaweza kuonyesha alama hata kama mtu hana TB. Kipimo cha damu hakichanganywi na BCG. Kijana akijua hilo, anaweza kuomba kipimo cha damu na kuepuka hofu isiyo na sababu.

Baridi, giza na simu ya nyumbani

Eldoret jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Providence mwezi wa Desemba huzama kama saa kumi na robo. Kijana hutoka darasani gizani, barabara ina theluji, na nyumba za jirani zimefungwa. Uchovu, usingizi mwingi na kukosa hamu ya chakula katika miezi hiyo si uvivu, na si lazima uwe ukosefu wa maombi. Vyuo vingi vina ofisi ya ushauri nasaha ambayo mwanafunzi anaweza kuitumia. Mzazi amwambie mwanawe hilo kabla hajaondoka, ili asidhani kwamba kwenda huko ni aibu kwa familia.

Pangeni pia saa ya simu. Desemba, saa tatu usiku Eldoret ni saa saba mchana Providence. Hiyo ni saa nzuri kwa wote. Simu ya alfajiri ya Kenya humkuta mtoto akijiandaa kulala, na simu ya saa nne asubuhi humwamsha usiku wa manane.

Wanafunzi wa uzamili na uzamifu mara nyingi ni wazazi wenyewe. Viza ya J-1 huruhusu mume, mke au watoto kuomba kuandamana naye kwa viza ya J-2, lakini bima na chakula chao aghalabu si juu ya mfadhili. Watoto wakibaki na nyanya, amueni mapema nani atatia saini shuleni na hospitalini mzazi akiwa mbali, na muandike. Daktari wa zamu hawezi kusubiri Providence kupambazuke.

Kurudi nyumbani

Jambo la mwisho husahaulika kwenye harambee. Mtu aliyekwenda Marekani kwa J-1 iliyofadhiliwa na serikali kwa kawaida hubanwa na sharti la kuishi nchini mwake miaka miwili kabla ya kuomba viza fulani, zikiwemo za kazi na za ukazi wa kudumu. Familia inayotarajia kijana abaki huko na kutuma dola ifahamu hilo tangu mwanzo, isije ikamlaumu kwa kurudi.

Na akirudi, kuna kazi. Shirika la Kitaifa la Takwimu la KNBS, KEMRI, hospitali za rufaa, kaunti na vyuo vikuu vyote vinahitaji watu wanaoweza kusoma rekodi na kusema zinamaanisha nini. Programu kuu ya kazi hiyo, inayoitwa R, ni ya bure na inaweza kupakuliwa kwenye kompyuta ya kawaida. Kijana wa kidato cha nne anayependa Hisabati anaweza kuanza kuijaribu likizo hii, kabla barua yoyote haijafika.