Ukingo wa Meru Unataka Mikono

Wanaojiandaa kwa Kilimanjaro huambiwa waanze na Meru ili wazoee hewa nyepesi. Ushauri ni mzuri, ila umewapotosha wengi. Wanafika Arusha wakiwa wamefanyia mazoezi pumzi na mapaja, kumbe usiku wa kilele Meru hudai pia ufundi wa kushika jiwe. Mlima huu una mita 4,562, zaidi ya mita 1,300 pungufu ya jirani yake. Hata hivyo, kwa mtu wa kutembea tu, njia za kawaida za Kilimanjaro ni pole zaidi.

Sababu ni jinsi mlima ulivyovunjika. Takriban miaka 7,800 iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka. Kifusi kilienda mbali kuelekea upande wa Kilimanjaro, na maziwa ya Momella, ambayo leo yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yamekaa kwenye mabonde ya kifusi hicho. Kilichobaki ni ukuta uliopinda, wazi upande wa mashariki, na njia ya kilele inapita juu yake. Upande wa ndani ni genge la takriban mita 1,500 hadi sakafu ya kreta, na upande wa nje ni mteremko wa majivu na kokoto.

Ukuta huo umejengwa kwa tabaka, na kila tabaka lina tabia yake. Kuna lava iliyoganda, ngumu, ya kijivu. Kuna pia majivu yaliyoshikamana na vipande vya mawe ndani yake, kama njugu kwenye kashata. Ukishika lava nzima, inakubeba. Ukivuta njugu, unabaki nayo mkononi. Kwa mwanga wa taa ya kichwa rangi hazitofautiani sana, kwa hiyo ligonge jiwe kwa kiganja kabla ya kuliamini. Lililoshikamana na mlima halisemi kitu. Lililolegea hutoa mlio wa uwazi, au hucheza. Hata lililo imara ni afadhali ulikandamize kuelekea chini kuliko kulivuta kuja kwako.

Kutoka kibanda cha Saddle, kwenye mita 3,570 hivi, hadi Rhino Point ni mwinuko wa kawaida. Baada ya hapo njia hushuka kidogo na kukatisha miamba iliyoinama, na pagumu pamewekwa mnyororo wa kushikilia. Hapo fimbo ziingie kwenye begi. Katika mikono miwili na miguu miwili, vitatu viguse mwamba muda wote na kimoja tu ndicho kihame. Uzito ubebwe na miguu. Anayejivuta kwa mikono huchoka mapema na, kwa kuwa amelalia mwamba kifua, haoni pa kukanyaga. Alfajiri ya baridi kali unyevu huganda juu ya jiwe ukawa utando wa barafu, na hapo soli nzuri haikuokoi. Kinachokuokoa ni kupunguza mwendo.

Wengi hupita hapo gizani bila wasiwasi, kisha asubuhi, wakirudi wamechoka, wanaliona genge na magoti yanaanza kutetemeka. Geuka uutazame mwamba, ushuke kinyumenyume, ukichungulia kati ya miguu kutafuta hatua inayofuata. Hakuna aibu kushuka hivyo.

Kileleni hewa ina oksijeni kidogo tu zaidi ya nusu ya ile ya pwani. Kichwa kuuma kidogo ni jambo la kutarajiwa. Kupepesuka si jambo la kutarajiwa. Mwambie mwenzako atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, huenda ubongo umeanza kuvimba, na kwenye ukingo mwembamba mtu huyo ni hatari kwake na kwa wenzake. Ashushwe saa hiyo hiyo, akisindikizwa, hata kama kilele kinaonekana. Na Meru ina vilele vya uongo kadhaa, kwa hiyo hicho unachokiona huenda si chenyewe.

Safari huanza saa 7 au saa 8 usiku. Wageni hudhani ni kwa ajili ya kuona jua likichomoza upande wa Kilimanjaro (na kwa kweli linapendeza), lakini sababu ya kikazi ni mawingu. Mchana unavyokua hupanda kutoka msituni na kuifunika njia, na ukingoni kupotea njia ni kupotelea gengeni.

Unayetaka kwenda, chagua miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, au Januari na Februari. Askari wa hifadhi mwenye bunduki utapewa, kwa sababu ya nyati wa huko chini. Yeye na kiongozi wako waulize jioni, kabla ya kulala, mtageuka saa ngapi mkiwa hamjafika. Wakikupa saa, ishike.