Kumwambia Kapteni Amekosea

Nilikwenda Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kutafuta habari ya uhaba wa petroli. Madereva wa teksi wa mji huu wana mengi ya kusema kuhusu petroli, na huyu niliyeelekezwa kwake, mtu mzima aliyeendesha magari tangu ujana wake, gari lake lilikuwa limelala uani, tangi tupu. Habari ile sikuiandika. Kilichonishika ni viti viwili vya plastiki vilivyopangwa bega kwa bega, vikitazama ukuta, na ukutani karatasi kubwa iliyobandikwa kwa gundi: picha ya dashibodi ya ndege aina ya ATR, ukubwa wake halisi, kila swichi mahali pake.

Kiti cha kushoto alikaa dereva. Cha kulia alikaa mtoto wa kaka yake, kijana mwenye leseni ya urubani wa biashara na saa mia mbili na kitu za kuruka, karibu zote kwenye Cessna ndogo za chuo. Anajiandaa kwa usaili wa rubani msaidizi katika shirika moja la kikanda. Baba mdogo wake ndiye kapteni wa mazoezi. Gari la mzee usukani wake uko kushoto, kwa hiyo upande ule hakuhitaji kuuzoea.

Nilidhani naangalia mchezo. Nikakaa mpaka jioni.

Zoezi lenyewe lilikuwa hivi. Ndege inatoka kaskazini, inashuka juu ya bonde la Rusizi, milima ya Kongo mkono wa kulia, ya Burundi mkono wa kushoto, ziwa mbele. Uwanja wa ndege wa Bujumbura, Melchior Ndadaye, uko futi 2,582 juu ya usawa wa bahari. Kijana alimweleza baba yake mdogo hesabu ambayo kila rubani anaibeba kichwani: kwa kila maili moja ya majini iliyobaki, uwe futi 300 hivi juu ya uwanja. Zikibaki maili tano, futi 1,500. Jumlisha na zile za uwanja, altimita isome kama 4,100. Sasa baba mdogo, wewe uko 5,600, unakwenda kasi, na umekataa katakata kukiri.

Mzee alikataa vizuri sana. Hilo hakuhitaji kufundishwa.

Kijana akaanza. Mara ya kwanza aliuliza tu, kwa Kiingereza, kama kapteni ameuona urefu. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi mezani. Mzee akapunga mkono: najua. Mara ya pili kijana alitakiwa aseme jambo lenyewe, kwamba tuko juu mno na hatutatulia kwa wakati. Alilisema, lakini macho yalikuwa chini, kwenye magoti yake, na mwishoni akachomekea “samahani, baba mdogo”, kwa Kiswahili. Akajikamata mwenyewe, akapiga paja. Tuanze upya.

Walianza upya mara nyingi. Kuna ngazi zake, alinieleza kijana wakati mzee amekwenda kuswali alasiri: unauliza, unatahadharisha, unapendekeza la kufanya, na ikishindikana unaamuru. Kapteni akinyamaza mara mbili bila jibu la maana, unamhesabu kama mtu aliyezimia, unashika ndege wewe. Yote haya ameyasoma, anaweza kuyakariri. Kinachomshinda ni ile ngazi ya nne. Amekulia katika nyumba ambayo mtoto akimpa mkubwa kitu humpa kwa mikono miwili. Mkubwa akisema mvua haitanyesha na wewe unaona inanyesha, unaingiza nguo ndani kimyakimya.

Mzee aliporudi, safari hii kijana alipaza sauti. Alimwamuru aghairi kutua, apaishe ndege. Alisema kwa nguvu, akimtazama usoni. Baba mdogo akainuka kitini.

“Unanifokea mimi? Mbele ya mgeni?”

Hakuwa anaigiza. Kijana naye akasimama, mikono nyuma, akaomba radhi. Mke wa mzee, aliyekuwa akichambua mchele barazani, alicheka mpaka ungo ukayumba. Ilichukua muda kurudisha ndege hewani.

Sehemu nyingine za usaili hazimnyimi usingizi. Maswali ya ufundi anayapenda. Aliniuliza kwa nini mchana wa joto ndege hapa Bujumbura hula barabara ndefu zaidi kabla ya kuruka, kisha hakungoja jibu: kwa nyuzi 30, hewa ni nyepesi kama ya futi 5,000 hivi, na ndege haijali altimita inasema nini, inajali hewa. Mzee alidakia kwamba hilo analijua tangu zamani, lori lolote lililobeba mzigo kupanda Bugarama huanza kuhema. Kijana aliliandika daftarini. Kiingereza nacho, kiwango cha nne cha kimataifa amekipata, ingawa shuleni alisoma kwa Kifaransa na Kiingereza kilifanywa lugha rasmi nchini mwaka 2014 tu.

Wala hana uchaguzi wa kukaa nyumbani. Air Burundi, iliyozaliwa 1971, iliacha kuruka 2009. Shirika jipya, Burundi Airlines, liliundwa 2021, lakini halijambadilishia hilo. Ndege kubwa zinazotua karibu na mdomo wa Rusizi zinatoka Addis Ababa, Nairobi, Entebbe, Brussels. Kwa hiyo leseni ya Mrundi inabidi ivuke mpaka, na huko ikutane na vijana wenye nchi yao. Burundi iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Rubani wa Bujumbura anasimama foleni ipi anapofika Dar es Salaam au Nairobi, ya wenyeji au ya wageni? Kijana alinijibu kwa kuinua mabega.

Anachokirudia ni Douala. Usiku wa kuamkia 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways ilipaa kutoka mji huo wa Kameruni mvua ikinyesha, ikaanguka kwenye kinamasi muda mfupi baadaye. Watu wote 114 walikufa. Ndege ilikuwa inalalia kulia polepole kwa sababu hakuna aliyekuwa akiiongoza: kapteni aliamini mtambo wa kujiongoza umewashwa, na haukuwa umewashwa. Ripoti ya uchunguzi ya 2010 haikuishia kwenye vyuma. Iliwatazama watu wawili wale na tabia zao, mkubwa mwenye uzoefu na kujiamini kwingi, na rubani msaidizi wa miaka 23, mpole. Kijana wa Buyenzi anaisoma ripoti ile akiutafuta umri wake mwenyewe. Hasemi kwamba upole uliangusha ndege. Anasema hajui yeye angefanya nini.

Au labda anajua, na hapo ndipo niliposhindwa kuondoka. Swali moja halikosi katika usaili wa namna hii: tueleze siku ulipotofautiana na kapteni, na ulifanya nini. Majibu ya kununua yapo, yamepigwa pasi, kila mmoja ndani yake ni shujaa mwenye adabu. Yeye analo lake la kweli. Wakiwa mafunzoni, mwalimu wake aliingiza vibaya kipimo cha shinikizo la hewa, na altimita ikawa inadanganya kwa futi mia kadhaa. Kijana aliona. Alisikia namba sahihi ikitoka mnarani, akaitazama isiyo sahihi mbele yake, akanyamaza. Dakika zikapita. Mwongozaji wa mnarani akairudia namba, mwalimu akasahihisha, wakatua, wakanywa soda. Kwenye kitabu chake cha safari siku hiyo imeandikwa kama siku nyingine yoyote.

Awaambie? Meza ya usaili itakaliwa na makapteni, watu wa umri wa baba yake. Wanataka kusikia kwamba anaweza kumpinga mkubwa, na wanataka aseme hivyo kwa heshima inayomstahili mkubwa. Amesikia kwamba wengine husema jambo la uongo makusudi, wakingoja kuona kama utawasahihisha. Akisahihisha ambaye hakuwa anajaribu, je?

Tiketi ya basi alikuwa ameshakata, kupitia Kobero, mpakani mwa Tanzania, kwa sababu njia ya Rwanda ilikuwa imefungwa. Akipata kazi atatakiwa asaini mkataba wa kulipia mafunzo ya aina ya ndege, na asaini na mdhamini. Mzee aliwahi kuuliza kama wanakubali gari.

Kabla sijaaga walijaribu lile swali. Baba mdogo aligeuza kiti, akawa jopo zima. Kijana akasimulia yote, altimita, mnara, ukimya. Alisimulia vizuri kuliko zoezi lolote la siku ile.

“Kwa nini ulinyamaza?” mzee akauliza.

“Kwa sababu alikuwa mwalimu wangu.”

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Jibu zuri hilo.”

“Baba mdogo, ndilo litakalonifukuzisha.”

Hawakukubaliana. Mke wa mzee alisema asimulie, mzee alisema siri ya mwalimu haitolewi mbele ya watu, na kijana akafungua daftari, akachora mstari katikati ya ukurasa, akaanza kuandika majibu mawili.