Kofia Zetu Zathaminiwa Maskati, Kwetu Je?

Mtu wa pwani akitajiwa Maskati, aghalabu hukumbuka kwanza halua, kisha tende na ubani. Ni wachache waukumbukao mji huo kwa mavazi. Mimi nilikwenda huko kwa shughuli nyingine kabisa, na siku mbili zilizonibakia kabla ya kurudi Mombasa nilizitumia kuzunguka maduka ya nguo. Niliyoyaona yanatuhusu sana sisi tuvaao kanzu na kofia, ndipo nikaona si vyema kukaa nayo kimya.

Soko mashuhuri kwa mambo hayo ni la Mutrah, lililo kando ya bandari. Njia zake ni nyembamba na zimeezekwa juu, hata wenyewe wakaliita Soko la Giza kwa kuwa jua haliingii. Aliyezoea vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa au vya Lamu hawezi kujiona mgeni mle. Hapa mfua fedha, pale muuza udi, na mbele yao vilemba vya sufu ya Kashmir vimepangwa rangi kwa rangi.

Yaliyonivuta kwanza ni maduka ya washonaji wa kanzu. Asiyejua hudhani kanzu za Waarabu zote ni moja, lakini sivyo. Kanzu ya Saudia ina kola. Ya Imarati haina kola, na kishada chake kirefu huning'inia kifuani. Ya Oman nayo haina kola, bali kishada chake ni kifupi, huwekwa upande wa shingo na kutiwa marashi, ili mwenyewe apate harufu njema kila ageuzapo uso. Ni kitu kidogo kama kidole cha mtoto, nacho chatosha kumtambulisha mtu atokako. Wala wenyewe hawafanyi mzaha katika jambo hili, kwani serikali yao imeweka masharti ili fundi asiigeuze kanzu ya nchi apendavyo.

Hapo nikaikumbuka kanzu yetu. Mafundi wa zamani walikuwa wakitaja badani, taharizi, kikwapa, kaba, lisani na sijafu, kila kipande na kazi yake. Badani ni cha mbele na cha nyuma, taharizi ni cha ubavuni, na kikwapa ni kile kidogo cha chini ya kwapa kimpacho mtu nafasi ya kunyosha mkono. Hebu muulize kijana anunuaye kanzu dukani leo, ni vingapi kati ya hivyo avijuavyo kwa jina. Na jina likishapotea, fundi utamwagiza nini?

Jambo la pili lililonipendeza ni namna wanavyotoa kazi mpya ndani ya kazi ya zamani. Kampuni ya manukato ya Amouage ilianzishwa Oman mwaka 1983. Walipotaka chupa za kuwashindana Wafaransa, hawakwenda Paris kuazima sura. Kizibo cha chupa ya kiume kiliigizwa mpini wa jambia, na cha chupa ya kike kikaigizwa kuba la msikiti. Jambia lenyewe, ambalo wao huliita khanjar, ufundi wake uliingizwa na UNESCO mwaka 2022 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu wote.

Lakini lililonigusa zaidi ni kofia. Waomani huiita kumma. Ni kofia ya kitambaa iliyojaa vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi kwa sindano, na mtu wa kwetu akiiona tu atasema hii ni kofia ya viua. Wala hatakuwa amekosea, kwani wengi wa Waomani hukiri kwamba vazi hilo limetoka Unguja na pwani yetu. Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, na watu na mali wakawa wakienda na kurudi kwa misimu ya pepo. Baada ya Mapinduzi ya Unguja ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, familia nyingi zilikwenda Oman, zikachukua na Kiswahili chao na kofia zao.

Ndivyo nilivyomkuta muuza kofia mmoja, mzee apataye miaka sabini. Nilimsalimu kwa Kiarabu changu cha chuoni, akaniitikia kwa Kiswahili cha Unguja kisicho na doa.

"Karibu mwanangu. Mtu wa Mvita wewe?"

"Naam, mzee wangu."

Akaniwekea kofia mbili mbele yangu, akaniambia nimchagulie ya mkono. Kwa nje zilifanana kama pacha. Basi akazigeuza ndani nje. Ya mashine nyuzi zake zilirukaruka ovyo, lakini ya mkono ilikuwa safi, kila kitundu kimefungwa peke yake.

"Kofia usiitazame usoni, itazame tumboni," akasema. "Mama yangu alizishona Ng'ambo, ndizo zilizotusomesha."

Bei ya ile ya mkono ilikuwa mara nyingi zaidi ya mwenzake, na wanunuzi waliokuja nikiwa pale hawakushtuka. Walichouliza ni nani aliyeishona. Nao wana haki ya kuuliza, kwa sababu kofia nzuri si kazi ya siku moja. Huanzwa kwa kipande cha duara cha juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Nakshi huchorwa, kisha mshonaji hutoboa kitundu kimoja kimoja na kukizungushia uzi. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, pengine miezi.

Sasa turudi kwetu. Lamu, Siyu na Pate kazi hii bado ipo, na hushonwa na wake kwa waume. Utamkuta mtu barazani baada ya alasiri, kofia mkononi, macho ameyakaza. Lakini madukani zimejaa za mashine zilizoletwa kutoka nchi za nje, nazo ni rahisi, na wapo wauzaji wasioona haya kuziuza kwa jina la mkono. Mshonaji hubanwa ashushe bei. Akishusha, hujiuliza anaumiza macho kwa faida gani. Na mwanawe, aliyeyaona hayo yote, hataki kufunzwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kizuri hakiwezi kujiuza ikiwa kibaya kimevikwa jina lake.

Mtu atasema, mwenye watoto watano wa kuwavisha siku ya Idd atazipata wapi fedha za kofia za mkono? Ana haki. Kofia ya mashine si haramu, na ina mahali pake. Nisemalo ni kwamba kila moja iuzwe kwa jina lake. Dini yetu imekataza ghushi katika biashara, na kumuuzia mtu ya mashine ukamwambia ni ya mkono ni ghushi iliyo wazi.

Basi Idd ijayo, Inshallah, kabla hujatoa fedha igeuze kofia uitazame ndani. Ikiwa ni ya mkono, muulize muuzaji imeshonwa na nani, na wapi. Huenda leo akakosa la kusema. Lakini akiulizwa na watu kumi kwa siku moja, wa kumi na moja atakuta jibu liko tayari, na mshonaji wa Siyu atakuwa amepata jina lake dukani.