Gari Linavuja Nini? Istilahi za Kuvuja kwa Oili katika Injini

Katika kazi ya kusanifu istilahi, mara nyingi macho yetu huelekea kwenye elimu za juu, kama vile fizikia, sheria na uchumi, tukasahau kwamba dereva, mwalimu na karani hukutana na istilahi kila siku chini ya boneti ya gari. Makala haya yanahusu jambo moja tu la ufundi: namna ya kutafuta na kuziba mahali panapovuja oili katika injini ya gari la zamani, pamoja na maneno yanayohitajika ili kazi hiyo iandikwe kwa usahihi.

Mfano wetu watoka Mwika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kando ya barabara itokayo Himo kupitia Marangu kuelekea Rombo. Huko tulionyeshwa karatasi ya maombi ya matengenezo ya Land Rover kuukuu iliyokuwa ikitumikia shule moja. Dereva alimwambia karani, "Mzee, gari linavuja mafuta kwa chini." Karani akaandika maneno hayo hayo. Kwa kuwa matone yalionekana chini ya injini, ikanunuliwa gasketi ya sampu, ikafungwa, na fedha zikalipwa. Baada ya siku chache matone yalikuwa pale pale. Fundi wa pili alipoiosha injini aligundua kuwa oili ilitoka juu kabisa, kwenye tapeti kava, ikateremka ubavuni hadi kwenye sampu. Shule ililipa mara mbili kwa kosa ambalo nusu yake lilikuwa la lugha.

Kosa la kwanza lilikuwa katika neno mafuta, ambalo ni pana mno. Petroli ni mafuta. Dizeli ni mafuta. Oili ya injini na ya giaboksi nazo huitwa mafuta. Hata oili ya breki huingizwa humo humo. Hatari zake hazilingani. Petroli ikivuja, gari huweza kuwaka moto. Oili ya breki ikivuja, gari huweza kukosa breki katika mteremko wa kurudi Himo. Oili ya injini ikipungua mno, vyuma husagana na injini hufa. Karatasi isemayo "linavuja mafuta" haimwambii msomaji kama gari lisubiri mwisho wa mwezi au lisiondoke kabisa. Hivyo, jambo la kwanza ni kukitaja kile kinachovuja.

Jambo la pili ni kutaja kadiri. Kiswahili kina utajiri wa vitenzi hapa, nasi hatuna budi kuutumia. Injini iliyolowa kidogo na kushika vumbi, bila tone kuanguka, twaweza kusema inatokwa jasho. Hiyo husafishwa na kuangaliwa. Oili inayoanguka tone kwa tone inadondoka. Hiyo hupangiwa matengenezo, na kipimo chake hutazamwa kila asubuhi kabla ya safari. Oili inayotiririka bila kukatika inachuruzika. Gari hilo lizimwe hapo hapo. Aidha, kuvuja kutofautishwe na kula oili. Injini inayokula oili huiunguza ndani, ikatoa moshi wa rangi ya samawati, na ardhi chini yake yaweza kuwa kavu kabisa.

Jambo la tatu, ambalo ndilo lililoiponza shule ile, ni mahali. Oili huteremka kwa uzito wake, na gari linapokwenda, upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo mahali inapodondokea si lazima pawe mahali inapotokea. Fundi mwangalifu huiosha kwanza injini ikiwa imepoa, akaikausha. Kisha huiwasha na kuikagua kwa tochi, akianzia juu kwenda chini na mbele kwenda nyuma. Mahali pa juu zaidi palipolowa ndipo pa kushukiwa kwanza. Baadhi ya mafundi hunyunyiza poda nyeupe ili mchirizi mpya uonekane. Uchafu wa kuoshea ukingwe katika chombo, kwani Mwika ina mifongo, yaani mifereji ya asili ya maji, na maji hayo yana watumiaji huko chini.

Kabla ya kubadilisha kitu chochote, briza ichunguzwe. Ikiziba, hewa iliyomo ndani ya injini hukosa njia, nayo huisukuma oili ipite kwenye gasketi na sili hata zikiwa mpya. Baada ya hapo, tiba hutegemea sehemu. Boliti za tapeti kava zikiwa zimelegea, zikazwe kwa usawa na kwa kiasi, maana kuzidisha nguvu hupinda kifuniko na kuponda gasketi. Gasketi iliyokauka hubadilishwa, na mabaki ya ile ya zamani hukwanguliwa yote. Silikoni ikipakwa kwa wingi huweza kumeguka ndani na kuziba njia za oili. Ama sili ya nyuma ya krenki, hiyo haiponi kwa kukazwa: giaboksi na flaiwili hazina budi kushushwa. Katika Land Rover za zamani, tundu lililo chini ya kasha la flaiwili huonyesha dalili. Lakini fundi abainishe kwanza kama tone ni la oili ya injini au la oili ya giaboksi, ambayo ina harufu yake kali.

Wasomaji wataona kuwa tumeyaacha maneno kama gasketi, sili na krenki yabaki. Hatukufanya hivyo kwa uvivu. Istilahi mpya isiyojulikana gereji, hata ikiwa nzuri masikioni, itampeleka mnunuzi dukani akarudi mikono mitupu. Tunapendekeza maana hizi zishikwe:

Oili: mafuta ya kulainisha mashine, itajwe ni ya injini, ya giaboksi au ya breki, ijapokuwa kazi kuu ya hii ya mwisho si kulainisha.
Gasketi: kipande cha kuziba mwanya kati ya sehemu mbili zilizofungwa pamoja.
Sili: pete ya kuzuia oili isipite mahali mhimili unapozunguka.
Sampu: bakuli la oili lililo chini ya injini.
Tapeti kava: kifuniko cha juu ya injini kinachofunika valvu.
Briza: kipumulio cha injini.

Kwa kanuni hizo, karatasi ya shule ile ingesomeka hivi: "Oili ya injini inadondoka, imelowa kuanzia tapeti kava, briza haijakaguliwa." Sentensi hiyo ni fupi, nayo ingetosha kumzuia karani asinunue kitu kisichohitajika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi twaongeza kwamba ufa usiotajwa kwa jina lake hauzibiki.